Juu ya Daftari la Mwanafunzi wa Sanaa ya Kuigiza

Katika vyuo vyetu vinavyofundisha sanaa ya kuigiza ipo desturi, nayo ni njema, ya kumtaka mwanafunzi aandike daftari la mazoezi tangu siku mchezo unaposomwa kwa mara ya kwanza mpaka usiku wa mwisho wa maonyesho. Daftari hilo hukabidhiwa mwalimu pamoja na maelezo ya mwanafunzi juu ya kazi aliyoifanya. Likasomwa, likapewa alama, na aghalabu likawekwa kabatini lisifunguliwe tena. Sina nia ya kuilaumu desturi hii. Nia yangu ni kulitazama daftari lenyewe kama aina ya maandiko, kwa jicho lile lile tunalotazamia utenzi au hadithi, na kuuliza kwa nini mengi ya madaftari haya hayasomeki, hali machache yaliyoandikwa kwingine yamekuwa vitabu vinavyotafutwa na kila mwigizaji.

Lililo mashuhuri kuliko yote ni daftari la mtu ambaye hakuwahi kuishi. Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1863, na ambaye mwaka 1898 alianzisha pamoja na Nemirovich-Danchenko Jumba la Sanaa ya Michezo la Moscow, alitaka uzeeni mwake kuyaandika yote aliyojifunza juu ya kazi ya mwigizaji. Angaliweza kuandika kitabu cha kanuni. Badala yake aliandika shajara ya mwanafunzi, kijana aitwaye Kostya, aliyeingia katika chuo cha mwalimu Tortsov na ambaye huandika yaliyompata darasani na nyumbani. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1936, na kwa Kirusi mwaka 1938, mwaka ule ule aliofariki mwandishi wake.

Kurasa za mwanzo za shajara hiyo zastahili kusomwa polepole. Kostya na wenzake wameambiwa wachague vipande vya michezo wavionyeshe mbele ya mwalimu, naye, kwa ujasiri wa ujana, achagua Othello. Arudi chumbani kwake na kitabu, lakini hamu ya kutenda yamshinda kabla hajasoma sana. Kisu cha kukatia karatasi kikawa jambia lake, taulo la kuogea likawa kilemba, shuka na blanketi zikawa joho, mwavuli ukawa upanga, na sinia la chakula likawa ngao. Afanya kazi usiku kwa furaha kubwa, kisha alala mno, achelewa mazoezi ya kwanza, na wenzake wote wapoteza siku kwa ajili yake. Siku nyingine achanganya chokoleti na siagi, ajipaka usoni ili apate weusi, akajikenulia meno mbele ya kioo.

Msomaji wa Afrika hawezi kuipita sehemu hii bila kicheko chenye uchungu ndani yake. Chokoleti na siagi ndiyo Afrika yote aliyonayo kijana huyu. Kwa bahati Stanislavski aliliona jambo hilo kabla yetu, maana mbele kidogo Tortsov amkemea mwanafunzi wake kwamba hakumwigiza Othello wa Shakespeare, mtu mwenye heshima na mapenzi, bali amemwigiza mshenzi wa kubuniwa, wa macho ya kuviringisha na meno ya kukenua, kwa sababu ndilo wazo la kwanza lililomjia. Hapa pana somo la sanaa na somo la adabu kwa pamoja, na mwalimu alitoa yote mawili bila kupandisha sauti.

Thamani ya kurasa hizi i katika vitu vidogo. Sinia, mwavuli, usingizi, siagi. Kostya hasemi kwamba alikabiliwa na changamoto katika kuielewa nafsi ya mhusika. Asema alijipaka nini usoni. Kwa kuwa ameandika alichojipaka, mwalimu apata mahali pa kushika, na msomaji apata mahali pa kujiona. Nimewasikia waigizaji wazima, watu wa miaka 20 jukwaani, wakikiri kwamba sinia lile ni lao.

Lakini shajara hii ina kasoro, na kasoro hiyo haijasemwa vya kutosha na wanaoisifu. Kila kosa la Kostya limekwisha andaliwa jibu. Mwanafunzi akianguka leo, kesho Tortsov yupo na mfano unaofaa kipimo cha anguko lile. Hakuna siku ambayo mwalimu mwenyewe hajui. Hakuna zoezi lililokwenda upande likaachwa upande. Sababu ni wazi: mwandishi wa shajara ndiye mwalimu. Jina la utoto la Konstantin kwa Kirusi ni Kostya, na kwa hiyo mzee yule amekaa katika viti viwili, cha anayeuliza na cha anayejibu. Ni mazungumzo mazuri, lakini si daftari. Daftari la kweli huandikwa na mtu asiyejua ukurasa wa kesho utasema nini.

Ajabu ni kwamba Stanislavski mwenyewe alikuwa na madaftari ya namna hiyo ya kweli. Tangu ujana wake, alipokuwa akiigiza nyumbani na jamaa zake, aliandika makosa yake ya kila onyesho. Na katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1924, asimulia jinsi mwaka 1906, akiwa mapumzikoni Finland, alivyokaa na kujiuliza kwa nini furaha ya kuigiza ilikuwa imemtoka. Alimfikiri Daktari Stockmann wa Ibsen, mhusika aliyempa sifa kubwa kuliko wengi. Akagundua kwamba mwendo wa Stockmann alikuwa nao bado, na vidole vya Stockmann alikuwa navyo, lakini kilichovizaa vyote hivyo alikuwa amekisahau. Usiku baada ya usiku alikuwa ameonyesha ganda la kitu. Nayaona maneno hayo kuwa hoja kubwa kuliko zote za kuweka daftari, tena hoja inayotuambia daftari liwe la namna gani. Mwili hukumbuka ulichofanya pasipo kuandikiwa. Kinachopotea ni sababu.

Sasa nitasema juu ya daftari langu mwenyewe, kwa kuwa si haki kuwahukumu wanafunzi kwa kosa nililolifanya mimi.

Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili tulitayarisha mchezo ambao ndani yake mlikuwa na msiba: mama aletewa habari kwamba mwanawe amezama baharini. Mwongozaji wetu alitaka mama apige yowe na kuanguka. Wiki nzima yule mwanafunzi mwenzetu alipiga yowe na kuanguka, na wiki nzima sisi tuliosimama pembeni hatukusikia kitu moyoni. Jioni moja alikataa. Alisema kwamba kwao, alipofiwa shangazi yake, jambo la kwanza shangazi alilolisema lilikuwa kuwauliza walioleta habari kama wamekula. Akaomba aijaribu njia hiyo. Akawatazama wale wajumbe wawili, akawauliza kama wamekula, akageuka kutafuta sufuria, na alipoishika sufuria mikono yake haikujua tena kazi yake. Hatukuweza kuendelea na mazoezi kwa muda. Ndivyo sehemu ile ilivyoonyeshwa mpaka mwisho, na watu waliouona mchezo walizungumza juu ya sufuria.

Daftari langu la mchezo huo niliandika kwa siku tatu mfululizo, mchezo ulipokwisha, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kwa kuwa siku ya kulikabidhi ilikuwa imefika. Nilipewa alama nzuri. Miaka mingi baadaye nililifungua nikaitafuta jioni ile. Nilikuta maneno haya: iliamuliwa kwamba sehemu ya msiba ifanyiwe marekebisho, na ikaonekana kuwa njia ya utulivu yafaa zaidi.

Iliamuliwa. Na nani? Ikaonekana. Kwa macho ya nani? Lugha yetu ina utajiri mkubwa wa kauli za kitenzi, na wanafunzi, nikiwamo mimi, tumeutumia utajiri huo kama pazia. Kauli ya kutendwa yamficha mtenda kwa heshima. Kauli ya kutendeka yamfuta kabisa, kana kwamba jambo lilijitenda lenyewe mithili ya embe linaloiva. Nimekwisha soma madaftari mengi tangu hapo katika kazi yangu, na nadhani naweza kulijua daftari lililoandikwa mwisho kwa hesabu ya vitenzi vyake tu. Lililoandikwa usiku wa mazoezi limejaa watu: fulani alikataa, fulani alicheka, mimi sikuelewa, tuligombana juu ya kiti. Lililoandikwa mwisho limejaa mambo yaliyoamuliwa, yaliyobainika, yaliyoboreshwa.

Na hili si neno la sarufi tu. Mwongozaji wetu aliendelea kuisimulia sufuria ile kwa miaka, katika mafundisho yake, kama fikira iliyomjia yeye. Sidhani alisema uongo kwa kusudi. Kumbukumbu ya mtu humpendelea mwenyewe. Lakini palikuwa na maandishi ambayo yangaliweza kumkumbusha, na maandishi hayo yalikuwa mikononi mwangu, nami niliandika iliamuliwa.

Tazama kwa kulinganisha jinsi jamaa zetu wa historia wanavyofanya. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipokuwa bado chuo kishiriki, walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji. Mwanafunzi wa historia hafundishwi kuandika kwamba yasemekana maji yalitolewa Ngarambe. Afundishwa kuandika ni mzee gani alisema, wapi, na siku gani. Katika miaka ile ile na chuo kile kile Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile, mchezo uliochapishwa mwaka 1969, akautangulizia maneno ya kumtenganisha Kinjeketile wa historia na huyu wake wa jukwaani. Utangulizi ule ni kipande kidogo cha daftari la mwandishi: atuonyesha alichopokea na alichobuni. Lakini jinsi waigizaji walivyotafuta namna ya kumtoa mtu majini mbele ya watazamaji, hilo kitabu hakisemi, wala si kazi yake kulisema. Ni kazi ya daftari.

Tuna mifano mingine ya mkono ulioachwa uonekane. Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwanafunzi anayeyaweka matoleo hayo mawili mezani na kuyasoma mstari kwa mstari hujifunza jinsi mfasiri anavyojisahihisha, elimu ambayo toleo la pili peke yake lisingempa. Hata jina la mchezo lilifanyiwa kazi. Wangapi katika sisi huacha toleo la kwanza lionekane?

Waliolifanya daftari kuwa kazi ya watu wengi ni jumuiya ya Bertolt Brecht mjini Berlin, Berliner Ensemble, iliyoanzishwa mwaka 1949. Pale vijana waliokuja kujifunza uongozaji walipewa kazi ya kukaa mazoezini na kuandika: nini kilijaribiwa, nani alipendekeza, kwa nini kiliachwa. Picha zilipigwa kwa mamia. Mwaka 1952 walitoa kitabu kikubwa juu ya michezo sita waliyoitayarisha, na kabla ya hapo, mwaka 1949, kilikuwa kimetoka kitabu cha Antigone aliyoonyeshwa mjini Chur, Uswisi, mwaka 1948, chenye picha za Ruth Berlau. Mpaka mazoezi ya mwisho ya Brecht, ya mchezo wa Galileo, yaliyokatizwa na ugonjwa wake mwaka 1956, kanda za sauti zilikuwa zikizunguka chumbani.

Kwa wale wanaodhani kwamba maandishi ya namna hii ni mzigo wa bure, mfano mmoja watosha. Katika mchezo wa Mama Courage, mwanamke mchuuzi anayeishi kwa biashara ya vita apoteza mtoto wake wa mwisho, binti bubu, naye hana budi kuwalipa wakulima wamzike. Helene Weigel, aliyemwigiza, alitoa fedha mkononi, akazitazama, akarudisha sarafu moja mfukoni, akatoa zilizobaki. Mchezo uliochapwa hauna sarafu hiyo. Tunayo kwa sababu mtu aliiona akaiandika. Na sarafu hiyo moja yaeleza juu ya mwanamke huyo, na juu ya vita, mambo ambayo hotuba ndefu isingeyaeleza.

Hatari ya njia ya Berlin ni nyingine. Picha mia sita zilizopangwa vizuri hugeuka kuwa kalibu. Mwongozaji mvivu wa mji mwingine hufungua kitabu, akaweka kiti palipowekwa kiti, na Courage wake akarudisha sarafu kwa kuwa kitabuni ilirudishwa. Naye yumo tayari katika ganda lile la Stockmann. Brecht aliijua hatari hiyo na alisisitiza kwamba mfano ni wa kubadilishwa. Hata hivyo, aliye na picha mkononi husikia onyo hilo kwa shida. Ndiyo sababu mimi naona maandishi ya yaliyoachwa yana faida kuliko picha za yaliyobaki. Siku hizi mwanafunzi huweka simu yake juu ya dirisha, ikanasa saa tatu za mazoezi, naye akadhani amekwisha weka kumbukumbu. Simu yamwonyesha mama akishika sufuria. Shangazi haimwonyeshi.

Nimebakiza jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni la michezo iliyotungwa na watu wengi. Katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kigikuyu, na mazoezi yakafanyika uwanjani, mbele ya kila aliyetaka kutazama. Wanakijiji hawakukaa kimya. Wazee walisahihisha lugha ya wahusika wazee. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza, hatua kwa hatua, jinsi kazi yao inavyotajirisha wengine. Ngũgĩ asimulia katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya ukoloni wa fikra kwamba sehemu ya nyimbo za gĩtiiro ilitoka kwa bibi kizee mmoja asiyejua kusoma, aliyewaambia jinsi inavyopasa kuwa. Maonyesho yalianza Oktoba 1977, yakapigwa marufuku Novemba. Ngũgĩ akawekwa kizuizini mwaka mzima. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe, lililojengwa na wanakijiji, likabomolewa.

Mwaka ule ule wa 1982 kazi nyingine ya mchezo na wanakijiji ilianza Malya, mkoa wa Mwanza, ambako walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walitunga pamoja na vijana wa mahali pale juu ya wasichana wa shule wanaopata mimba. Mlama aliieleza kazi hiyo katika kitabu cha mwaka 1991. Hapakuwa na mchezo ulioandikwa kwanza ukapelekwa kijijini. Mchezo ulitoka katika mazungumzo na ngoma za watu wale, na kila mjadala uliofuata onyesho uliweza kuugeuza.

Katika kazi za namna hii neno iliamuliwa si uvivu tena. Mchezo wa mtu mmoja una jina lake juu ya jalada, na daftari likipotea jalada labaki. Mchezo wa kijiji hauna jalada. Mwanafunzi aendaye kijijini na daftari, akarudi akiandika kwamba jamii ilishirikishwa na maoni yakatolewa, amechukua maneno ya watu wenye majina akayarudisha chuoni bila majina, na shahada itakuwa na jina moja. Simaanishi kila jina litangazwe. Yako mambo, kama hayo ya wasichana wa Malya, ambayo msemaji wake yapasa kulindwa. Lakini kuficha jina kwa kumlinda mtu ni uamuzi, na uamuzi huandikwa. Kulisahau si kumlinda.

Nimewahi kuambiwa na mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu, kwamba mwigizaji anayeandika kila usiku hujitazama mno, na anayejitazama mno hawezi kuigiza. Neno lake lina uzito. Nimewaona vijana walioanza kuishi kwa ajili ya daftari, wakigombana mazoezini ili wapate la kuandika. Kwao ningeshauri kurasa fupi: saa ile ile, kabla ya kula, mistari mitano, bila kusifu na bila kujuta. Aliyejaribu nini, kilifanya nini, nani alisema kiachwe. Tafakari ndefu inaweza kungoja mchezo uishe, nayo iandikwe kwenye karatasi nyingine.

Kwa upande wa watahini sina subira nyingi. Maadamu tunatoa alama kwa usafi wa mwandiko na kwa mtiririko wa hoja, tutaendelea kuletewa madaftari ya siku tatu. Na tudai daftari lenyewe, lenye madoa ya chai, wala si nakala yake safi. Na mwanafunzi aliyeandika kwamba hakuelewa tarehe 4, na tarehe 9 bado hakuelewa, asikatwe alama kwa sababu hiyo. Stanislavski alipomtunga Kostya hakumpa hata wiki moja ya namna hiyo.

Daftari langu ninalo bado. Pembeni mwa ukurasa wa msiba nimeandika, kwa wino wa rangi nyingine, jina la yule mwenzetu, na habari ya shangazi yake, na sufuria. Nimeweka pia tarehe ya siku niliyoyaongeza, asije msomaji akadhani niliyaandika jioni ile.